Mwaka Niliofundisha Kompyuta Kuuliza

Kaka Erasto tulimzika Masasi siku ya Jumatano, kwenye udongo mwekundu uliokuwa bado na unyevu wa mvua ya juzi yake. Kijana aliyesoma wasifu alisema marehemu ndiye aliyewatoa makarani wa zahanati nyingi za huku kwetu kwenye madaftari na kuwaweka kwenye kompyuta, na kwamba hakuna programu iliyotoka mikononi mwake bila kujaribiwa kwanza. Waombolezaji wakaguna kwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa nne, na nilijua kwamba hilo la kujaribiwa ni kweli kabisa, kwa sababu mwaka wa kwanza mjaribuji nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sasa nasoma kwa miwani, na wanafunzi wangu chuoni huniamkia kabla sijafika mlangoni. Nilikula wali wa msiba, nikaaga, na badala ya kupanda gari la kurudi Mtwara nikaulizia gari la Newala. Huko juu mlimani alikuwepo mtu ambaye sikuwa nimemwona tangu mwaka ule. Kwa miaka yote hiyo, kila nilipomkumbuka, nilikuwa nikijiambia kwamba kosa lilikuwa la Erasto. Sasa Erasto amezikwa, na kumtupia marehemu lawama si tabia nzuri hata kwa mtu mvivu wa dhamira kama mimi.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nacho kilikuwa kimegawanywa kwa plaiwudi. Upande wetu kulikuwa na meza mbili, kompyuta mbili, feni moja iliyokuwa ikizunguka inapotaka, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo Erasto aliiacha ukutani kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Upande wa pili alikaa fundi Athumani na cherehani yake. Plaiwudi ile haikuzuia neno. Nilijua nani ameleta kitambaa cha sare, nani ananenepa, harusi ya nani imeahirishwa na kwa nini. Fundi Athumani alikuwa Myao wa palepale Masasi, na mimi Mmakonde wa juu, kwa hiyo alijipa haki zote za utani. "Rehema!" alikuwa akipaza sauti asubuhi. "Leo umenawa, au maji ya kwenu bado yanapanda mlima?" Nami namjibu kwamba yanapanda, lakini yanafika masafi, si kama ya Wayao. Erasto hakucheka. Alikuwa mtu wa shughuli, mrefu, shati limechomekwa, anayekula mchana akiwa amesimama. Mimi nilimheshimu sana, na nilimwogopa kiasi.

Kazi tuliyopewa na wafadhili wa mradi ilikuwa kutengeneza programu ya kusajili wagonjwa, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Haikuwa na picha wala madoido. Kioo cheusi, maandishi meupe. Programu inauliza jina, karani anaandika na kubonyeza enta, inauliza umri, karani anaandika, inauliza kijiji, na kadhalika mpaka mwisho. Karani akiandika kitu kisichofaa, kwa mfano herufi mahali pa umri, programu inamwambia amekosea na kumuuliza tena, na tena, mpaka aandike kinachofaa. Huo mzunguko wa kuuliza tunauita kitanzi. Kukiandika ni mistari michache tu, mtoto wa shule anaweza. Kazi iko kwenye kukijaribu, maana programu inayouliza swali hukaa ikimngoja binadamu, na kama binadamu hayupo itangoja mpaka umeme ukatike. Miezi miwili ya kwanza binadamu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa naandika Asha, enta, thelathini na mbili, enta, Makote, enta, kisha nabadilisha neno moja kwenye programu na kuanza upya: Asha, enta. Kwa siku nilimsajili Asha mara sitini. Fundi Athumani alikuwa akisikia kibodi tu, basi akawaambia wateja wake kwamba ng'ambo kuna binti anapepeta mchele.

Siku moja Erasto alikuja na ming'oko ya kuchemsha, viazi vyetu vya porini, kwenye mfuko, akaiweka juu ya meza, akaniangalia nikimsajili Asha. "Hii utafanya mpaka lini?" akauliza. Nikasema mpaka imalizike. Akavuta kiti, jambo alilokuwa halifanyi, akamenya mng'oko mmoja, akaniambia niache kujibu. Akanionyesha kwamba ile amri ya kuuliza, input, inaweza kuondolewa wakati wa majaribio na mahali pake kuwekwa kitu chetu wenyewe ambacho hakimngoji mtu. Unakipa orodha ya majibu yaliyopangwa. Programu ikiuliza mara ya kwanza inapewa jibu la kwanza, mara ya pili la pili, nayo haijui tofauti. Inaamini inazungumza na karani. Ukimaliza unaangalia kama imefanya ulichotarajia. Jaribio likifaulu, kompyuta inaandika nukta moja. Likishindwa inaandika herufi F. Na kama programu imeendelea kuuliza huku orodha ya majibu imekwisha, inalalamika kwamba majibu yameisha na kuandika E. "Unamtia mtu wa uongo majibu mfukoni," alisema Erasto huku anatafuna, "halafu unamtuma dirishani." Nilipoendesha majaribio yangu kumi ya kwanza na kuona nukta kumi zikijipanga kwa kufumba na kufumbua, nilipiga kelele hadi cherehani ya ng'ambo ikasimama. "Kuna nini huko, mmeua nyoka?" akauliza fundi.

Tangu siku hiyo nikawa mtunga watu. Niliwaandika watu wa uongo wa kila namna. Aliyeandika umri kwa maneno. Aliyesema ana miaka mia tatu. Aliyeacha nafasi tupu. Huyu wa mwisho nilimpenda kuliko wote, kwa sababu nilimtengenezea mtego mzuri. Programu ilikuwa na swali la jina la utotoni, kwa sababu kadi za kliniki za watoto zilikuwa na majina ya utotoni na wafadhili walitaka kadi ya mtoto iungane na kadi yake ya ukubwani. Swali hilo lilikuwa la lazima. Mtu akibonyeza enta bila kuandika kitu, kompyuta inalia tii, kisha inaandika: Jina haliwezi kuwa tupu. Andika tena. Ule mlio niliuongeza mwenyewe bila kuagizwa, nikaona nimefanya jambo la maana. Katika jaribio langu mtu wa uongo anabonyeza enta mara mbili kwa ukaidi, na mara ya tatu anaandika jina. Programu ilimkatalia mara mbili na kumpokea ya tatu. Nukta. Sijui nani aliniambia kwamba ya tatu watu hujibu.

Nieleze hapa jambo ambalo mtu wa kwetu halihitaji kuelezwa. Mtoto akishatoka jandoni au unyagoni hupewa jina jipya, na lile la zamani linabaki hukohuko. Halitajwi. Kumwita mtu mzima kwa jina lake la utotoni ni kumtukana, na watu wamepigana kwa sababu hiyo. Wakwe ndio hasa hawapaswi kulisikia. Mimi nilipita hukohuko, nina jina langu nililoliacha, na hata mume wangu halijui. Yaani sikuwa mgeni aliyekuja na ndege. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua kushoto na kulia, lakini nililiacha mlangoni kila asubuhi nilipoingia kwenye chumba chenye feni. Karatasi ya wafadhili ilisema lazima, Erasto akasema lazima, mimi nikaandika lazima.

Programu ilipokamilika nilipelekwa kuifunga kwenye zahanati moja ya huko juu, ng'ambo ya Newala mjini, kijiji ambacho sitakitaja. Karani wake aliitwa Mama Zuhura. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene wa wastani, mwandiko wake mzuri mpaka mganga alikuwa akimpa barua zake aziandike upya. Madaftari ya zahanati yalikuwa yake kwa miaka kumi na sita, na alikuwa akimwambia mgonjwa jina lake liko ukurasa gani kabla ya kulifungua daftari. Nililala kwake siku tatu. Mwezi ule maji yalikuwa ya shida, pampu imeharibika, tukioga nusu ndoo kila mmoja na maji ya kuoshea vyombo yanamwagiwa mchicha. Jioni tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, kwenye mkeka, pamoja na mumewe, mtu mpole anayeuliza swali moja kwa jioni nzima. Siku ya pili alikuja Mzee Bakari, kaka mkubwa wa huyo mume, mjumbe wa kamati ya zahanati. Mama Zuhura alimsalimia shemeji yake kwa kupiga goti, akamletea maji ya kunawa, akakaa mbali kidogo. Mzee akauliza kama ni kweli mke wa mdogo wake ataendesha kompyuta. "Ndiyo, baba," nikasema, "na anaijua kunishinda." Mama Zuhura akaficha uso kwenye kanga, lakini nilimwona anatabasamu.

Hakuwa ananishinda, ila alikuwa anajifunza upesi. Kila asubuhi alipangusa kibodi kwa ncha ya kanga, akaketi wima, akaandika kwa vidole viwili bila kukosea herufi. Akawa anaongea na kioo. "Haya, umri umepata, unataka nini tena? Kijiji? Chilangala, baba, andika." Siku ya tatu tukafika kwenye lile swali. Aliliangalia. Akabonyeza enta. Kompyuta ikalia tii, na watu wote kwenye benchi wakageuka.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "hapa inauliza nini?"

"Jina la utotoni, mama. Kwa ajili ya kadi za watoto."

"Hilo nimeliona. Nauliza, mimi nimuulizeje mtu mzima jina hilo, na mkwewe amekaa pale?" Akanionyesha benchi kwa kidevu.

"Muulize kwa sauti ndogo tu, mama."

"Kwa sauti ndogo." Akaondoa vidole kwenye kibodi. "Wewe si wa Kitangari wewe? Si umechezwa unyago?"

"Nimechezwa, mama."

"Na wewe ukiulizwa utasema?"

Nilicheka. Nikasema programu inataka hivyo, bila jibu haiendi mbele, na kwamba watu watazoea. Yeye akasema haya. Akavuta kiti mbele akaendelea na kazi. Kesho yake niliondoka na mfuko wa korosho alizonikaangia mwenyewe, na Masasi nikaandika kwenye ripoti kwamba karani amefundishwa na ameelewa.

Miezi minne ilipita. Nilitengeneza mambo mengine, nikaongeza majaribio, nukta zikajaza mistari miwili kwenye kioo. Siku moja Erasto akaingia ofisini bila salamu, akaweka karatasi mezani. Ilikuwa barua ya wafadhili. Kumbukumbu za zahanati zilikuwa zimekusanywa, na ile ya kule juu ilikuwa na kasoro: mahali pa jina la utotoni, mamia ya watu, wake kwa waume, wazee kwa vijana, walikuwa wameandikwa jina moja lilelile. Wafadhili waliona karani ametunga takwimu. Mama Zuhura alitakiwa kujieleza mbele ya kamati, na kama hana maelezo kazi hana. Erasto aliniagiza niende mkutanoni na kompyuta. "Utaulizwa kama programu ina tatizo," alisema. "Programu imejaribiwa. Usiongeze neno." Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, na tulikuwa tumekwisha kuongea juu ya kuuongeza. Hakuutaja. Hakuhitaji.

Mkutano ulifanyika kwenye baraza la zahanati, saa nne asubuhi. Walikuwepo wajumbe tisa wa kamati, Mzee Bakari akiwa wa pili kutoka kulia, mganga, na ofisa wa mradi aliyetoka Dar es Salaam, kijana mwenye adabu na simu mbili. Mume wa Mama Zuhura alikuwa amesimama uwanjani, hakuwa mjumbe. Mama Zuhura alikuwa amevaa gauni la kijani na kilemba kipya. Alinisalimia kama mtoto wake: "Umekonda, hawakulishi?" Nikaamkia, akaitika, nikakaa upande wa pili wa meza na kompyuta mapajani.

Ofisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni tu. Alifungua karatasi zake, akaeleza tatizo, kisha ili watu waelewe akalisoma lile jina kwa sauti. Akalisoma tena kwenye mstari uliofuata, na uliofuata. "Huyu ni nani?" akauliza. "Kijiji kizima kinaitwa hivi?" Wajumbe wawili walicheka. Mama Zuhura alikuwa ametazama mikono yake. Alipoona ofisa anageuza ukurasa ili asome tena, akasema, "Ni mimi, baba. Ni jina langu. Usilisome tena."

Jina hilo siliandiki hapa. Mzee Bakari akainuka, akatazama chini, akashuka ngazi na kuondoka bila kuaga, maana kwetu kaka mkubwa wa mume huhesabiwa mkwe, naye amesikia asichopaswa kusikia, mbele ya watu. Ofisa akawa anatutazama mmoja mmoja, hajui amefanya nini. Akauliza kwa upole kwa nini sasa mama aandike jina lake kwenye kadi za watu wengine.

"Ile kompyuta haikubali kupita," alisema Mama Zuhura. "Ukiacha tupu inalia. Inalia na watu wapo. Mimi siwezi kuwauliza watu wazima jina lile, na siwezi kutunga la uongo nikamwandikia mtu kwenye kadi yake. Nikasema, basi nitatoa la kwangu. Hakuna atakayelisoma."

Ofisa akanigeukia. "Dada, ni kweli programu haikubali kupita?"

Mama Zuhura naye akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, hilo ndilo nalikumbuka kuliko yote. Alikuwa na uso wa mtu ambaye shahidi wake amefika. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema: ni kweli, haikubali kupita. Nikasema, "Programu imejaribiwa. Majaribio yote yamefaulu." Nikageuza kompyuta nikawaonyesha wajumbe mistari miwili ya nukta. Mganga akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya eksirei.

Nimekuwa nikisema tangu hapo kwamba sikudanganya, na kwa hesabu za ofisini ni kweli, kila nukta ilikuwa halali. Lakini niliona aibu palepale, kabla hata sijafunga kompyuta, na aibu ile ninaijua ladha yake mpaka leo. Mama Zuhura hakubisha. Alisema tu, "Haya," kama alivyosema siku ya tatu ya mafunzo.

Niliporudi Masasi nilibaki ofisini peke yangu mchana, Erasto ameenda kula. Nikaandika jaribio moja jipya. Ndani yake niliweka mtu wa uongo ambaye majibu yake yote ni matupu. Hakaidi kwa mchezo. Hajibu kabisa, na hatajibu. Nilimpa majibu matupu hamsini. Programu iliuliza, ikakataa, ikauliza, ikakataa, ikalia tii mara hamsini mfululizo mpaka fundi Athumani akaita, "Rehema, hiyo ni kompyuta au kifaranga?" Majibu yakaisha. Ikaandika E. Ndiyo ilikuwa E yangu ya kwanza baada ya miezi mingi, na ilikuwa na kila alichosema Mama Zuhura, kwa ushahidi ambao ofisa yeyote angeusoma. Erasto akaingia, akaiona, akasimama nyuma ya kiti changu. Alielewa mara moja. Alikuwa mtu hodari.

"Rekebisha," alisema. "Akibonyeza tupu, ipite."

"Na hili jaribio? Tuwapelekee?"

"Rekebisha kwanza, kisha lifute. Tukisema tumekosea hapa, watauliza kwenye zahanati zote." Akachomeka shati lake upya. "Mama wa watu nitamtafutia kitu."

Hakumtafutia. Na mimi sikumkumbusha. Nilirekebisha programu kwa mistari miwili, nikalifuta jaribio, nukta zikarudi. Wiki tatu baadaye, nikiwa nakula mbaazi kwenye bakuli la plastiki, nikasikia kupitia plaiwudi mteja mmoja wa fundi, muuguzi wa huko juu aliyekuja kushonesha sare, akisema karani wao ameondolewa, mama wa miaka kumi na sita kazini, na kwamba upande wa mumewe hawaji tena kula kwake. "Amefanya nini?" fundi akauliza. "Ametukanwa mbele ya wakwe, na aliyemtukana ni yeye mwenyewe," akasema yule muuguzi. Nilimaliza mbaazi. Mkataba wangu uliongezwa mwaka mmoja, na mwingine, na kutoka hapo nikaenda kusoma zaidi, na sasa nafundisha vijana kuandika majaribio ya programu zinazouliza. Kila mwaka, somo la pili, nawaambia waweke mtu asiyejibu kabisa. Wanaandika kwenye madaftari. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilimtoa wapi.

Ijumaa baada ya msiba nilimkuta Mama Zuhura Makote, kwa binti yake, uani, anabangua korosho. Amezeeka na kupungua, vidole vyake vyeusi kwa utomvu. Nilipiga goti nikaamkia. "Marahaba," akasema, akanikazia macho, "Rehema wa kompyuta. Umenenepa sasa, wanakulisha." Akaniletea kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Masasi, nikayatoa vibaya, nusu yake nikirudia. Nikamwambia kwamba alisema kweli siku ile, kwamba niliijua kweli hiyo na baadaye nikaishika mkononi, nikaifuta.

Aliendelea kubangua. "Nilijua," alisema. "Yule binti waliyemweka badala yangu aliniita nikamsaidie madaftari ya zamani. Nikamwona pale penye jina la utotoni anabonyeza tu, inapita. Nikamuuliza imekuwaje, akasema wametengeneza. Nikarudi nyumbani mbio, nikamwambia baba Zuhura, wametengeneza! Akasema, basi watakuja kusema."

"Mwaka uleule?"

"Mwaka uleule. Tukakungoja. Baba Zuhura akisikia gari, anachungulia. Yeye amefariki mwaka wa nne sasa."

Nililia, na yeye akaniacha nilie, hakunibembeleza wala hakunifukuza. Nilipotulia nikauliza katika wale wajumbe tisa ni wangapi bado wapo. Akasema wawili. Mmoja amehamia kwa mwanawe Tandahimba. Wa pili ni Mzee Bakari, na tangu siku ile hawajakaa mkeka mmoja, hata kwenye mazishi ya mumewe alisalimia kwa mbali. Nikamwomba anipeleke. Alisita sana, kisha akanawa mikono na kubadilisha kanga.

Tulimkuta mzee kwenye kiti cha kamba mbele ya nyumba yake, blanketi magotini, macho yamefifia lakini masikio mazima. Mama Zuhura alibaki nyuma yangu, karibu na ua. Nikaamkia, nikajitambulisha, nikasema kwa sauti ili wote wawili wasikie: "Baba, mimi ndiye niliyeitengeneza ile kompyuta ya zahanati. Siku ya mkutano shemeji yako alisema kweli. Kompyuta ilikuwa haikubali kupita. Kosa lilikuwa langu, nami nikanyamaza."

Mzee Bakari alisugua goti.

"Kompyuta siikumbuki, mwanangu," alisema. "Nalikumbuka lile jina."